Nafundisha chekechea, nataka digrii: niache kazi ndo nipate mkopo?

Dada shikamoo,

Mi ni mwalimu wa awali, nipo Morogoro, nina miaka 34, nina mume na mtoto mmoja wa miaka sita. Nafundisha shule ya mtu binafsi, huu mwaka wa saba sasa, darasa la watoto wa miaka minne na mitano. Mwaka huu nina watoto 41 na dada msaidizi mmoja ambaye siku nyingine anaitwa jikoni kumenya viazi, kwa hiyo unabaki mwenyewe, mmoja analia anamtaka mama yake, mwingine kajikojolea, mwingine kamng'ata mwenzie sikio, na hapohapo mzazi kasimama mlangoni anauliza mbona mwanangu hajajua kusoma. Lakini naipenda hii kazi dada, naipenda kwa kweli, nikikaa nyumbani likizo wiki ya pili nishawakumbuka.

Kidato cha nne nilipata divisheni foo, D nne, basi watu walinicheka sana pale mtaani. Nikaenda ualimu ngazi ya cheti, nikafundisha, baadae nikajisomesha stashahada kwa hela ya ubuyu na barafu nilizokuwa nauza nyumbani, nimemaliza miaka miwili iliyopita kwa wastani wa B. Sasa nataka digrii ya elimu ya awali, nimeona Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo. Sio kwa ajili ya cheo. Mwaka jana nilikuwa na mtoto wa miaka mitano haongei kabisa, wenzangu wakasema mzembe huyo amedekezwa, mi nikawa namwangalia naona kabisa sio uzembe, kuna kitu, ila sikujua nimfanyie nini, na mama yake alikuwa ananiangalia mimi eti ndo mtaalamu. Mtoto akahamishwa. Hiyo kitu inanikaa mpaka leo.

Tatizo hela. Nalipwa 240,000 kwa mwezi, mume wangu ana bodaboda ya mkataba, ada ni milioni moja na ushee kwa mwaka bado kula bado kulala Dar. Nikasema niombe mkopo wa serikali, nikasoma zile sifa nikafika pale wanaposema usiwe na kipato cha ajira, nikaishia hapo. Mwalimu mwenzangu ananiambia we andika huna kazi, nani atajua, kwanza mshahara wenyewe unalipwa mkononi. Mwingine akasema niombe ile skolashipu ya Mama Samia. Halafu kuna kaka mmoja nimempata kwenye grupu la WhatsApp anasema ana nafasi za skolashipu ya Uingereza kwa walimu wa watoto wadogo, digrii nzima bure na tiketi ya ndege, natakiwa kutoa 250,000 ya kufungua faili, nafasi zimebaki mbili. Nimeshamtumia 50,000, iliyobaki anataka Ijumaa.

Kingine, cheti cha kuzaliwa sina, nina kile kiapo cha mahakamani tu. Baba alifariki 2015, cheti cha kifo hatukufuatilia. Mama yupo Kilosa, yupo kwenye TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya masikini.

Mwakani natimiza 35 na nasikia ndo mwisho. Nisaidie dada, nimechanganyikiwa, nikose mkopo kwa sababu nafanya kazi na kazi yenyewe hainilipii ada?

Mwalimu wa awali, Morogoro

*

Marahaba mdogo wangu.

Tuanze na Ijumaa maana ndo iko karibu. Hiyo laki mbili usitume. Na ile elfu hamsini usiifuate kwa kuongeza nyingine, kaa na meseji zake zote na namba aliyotumia kupokea hela, nenda nazo polisi na uitaarifu kampuni ya simu, ila usimjibu tena hata akikutukana. Nakwambia hivi nikiwa na uhakika na sio kwa sababu namfahamu, namfahamu vipi, ila kwa sababu ya hiki anachokuuzia chenyewe. Skolashipu kubwa za Uingereza ambazo Watanzania wanaziomba, ile ya Chevening na zile za Jumuiya ya Madola, kwa ngazi ya mtu anayeanza kupanda ni za masters. Yaani zinakutaka uwe tayari na digrii ya kwanza mkononi. Chevening juu ya digrii wanataka na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wao wanauhesabu kwa saa, saa 2,800, na ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Kuomba ni bure, fomu unajaza mwenyewe kwenye tovuti yao, hakuna faili la kufunguliwa na mtu. Sasa we huna digrii, huyo kaka hakukuuliza hata matokeo yako ya kidato cha nne, amekuuliza hela tu. Mtu mwenye nafasi ya kweli cha kwanza anauliza umesoma nini na umesoma wapi.

Na nieleze hapohapo kuhusu hizi skolashipu kwa ujumla maana barua kama yako napata nyingi, wenzako wengi mnaofundisha awali mnaandika "dada nitafutie skolashipu" kama vile kuna mahali zimepangwa kwenye kabati. Kwa mwalimu wa awali mwenye cheti au stashahada, skolashipu kamili ya digrii ya kwanza ni adimu sana hapa kwetu, nyingi unazoziona kwenye matangazo zinaanzia masters. Hata Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Dar, kile kitengo chao cha elimu ambacho kipo hapa tangu 2006 na kimesomesha walimu wengi wa kwetu, kinachojulikana ni masters ya elimu. Kwa hiyo digrii ya kwanza ndo ufunguo, ukishaipata hiyo na miaka yako saba darasani, milango unayoiona leo imefungwa itaanza kukuuliza wewe. Samia Skolashipu nayo ni nzuri mno lakini sio yako, ilianza mwaka wa masomo 2022/23 kwa vijana waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita masomo ya sayansi, wakasome sayansi, hesabu, uhandisi, teknolojia na tiba. Wewe hukupita kidato cha sita na unataka elimu ya awali. Usipoteze bando huko.

Kinachobaki mezani ni huo mkopo wa serikali, yaani wa Bodi ya Mikopo, na hapa naomba usome taratibu.

Miongozo ya Bodi ya miaka hii ya karibuni imekuwa inarudia sifa zilezile: uwe Mtanzania, umri usizidi miaka 35 wakati unaomba, uwe umedahiliwa chuo kinachotambulika, uwe umemaliza kidato cha sita au sifa linganishi kama stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, na usiwe na kipato cha ajira au mkataba rasmi, iwe serikalini iwe kwa mtu binafsi. Jipime mwenyewe hapo. Uraia unao. Umri unao, na nikutoe hofu kidogo, wanasema usizidi 35, kwa hiyo kutimiza 35 sio kufungiwa, ni kuipita 35 ndo unafungiwa, ina maana una dirisha la mwaka huu na kwa bahati la mwakani, ila mi nisingelitegemea la mwakani kwa sababu mwongozo unatoka mpya kila mwaka na tarehe yako ya kuzaliwa haibadiliki. Stashahada yako ina miaka miwili, ipo ndani ya mitano. Udahili nao unaingia, maana TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kwa mtu wa stashahada ya ualimu wanataka wastani wa B na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne kuanzia D, na zile D nne zako walizokucheka ndo hizohizo zinakupeleka chuo kikuu leo. Kwa hiyo mdogo wangu kati ya masharti yote hayo limebaki moja tu, kazi.

Nikwambie ukweli wa moyo wangu, hilo sharti linaniuma kwa walimu wa awali. Naelewa lilikotoka, hela haitoshi, waombaji ni wengi, mtu mwenye mshahara anaambiwa ampishe yatima aliyetoka kidato cha sita hana hata nauli. Lakini mshahara wa afisa na mshahara wa mwalimu wa chekechea wa shule ya mtu binafsi vyote vinaitwa "kipato" kwenye fomu, wakati mmoja anajilipia ada na mwingine hata akifunga tumbo mwaka mzima haifiki. Ningepata nafasi ya kukaa na wanaoandika huo mwongozo ningewaomba waangalie kiasi cha mshahara na sio kuwepo kwake. Ila leo sharti ndo liko hivyo na wewe umri hausubiri, lazima tupite nalo.

Kudanganya hapana. Mwenzako anasema nani atajua. Anajua mtendaji wako wa mtaa, ambaye atakusainia na kukupigia muhuri, na ambaye kila asubuhi anakuona umevaa sare unapita na kama wengi wa mtaa anakuita ticha, pengine una mtoto wake darasani. Anajua kamishna wa viapo maana fomu ya Bodi inapita kwa wakili au hakimu, unaapa pale kwamba uliyoandika ni kweli. Na unajua wewe, ambaye miaka mitatu chuoni utakuwa unaishi kwa hofu kila ukiona ujumbe kutoka ofisi ya mikopo. Unaenda kusomea kulea watoto wa watu, usiende na kiapo cha uongo.

Ila kuacha kazi kweli sio kudanganya. Hapo ndo nataka tukae.

Chukua mshahara wako, 240,000, gawa kwa siku 30. Unapata 8,000 kwa siku. Sasa hela ya chakula na malazi kwenye mkopo, lile bumu wanafunzi wanalolisema, kwa viwango vya miaka hii ni hadi 10,000 kwa siku za masomo. Umeona? Mi mwenyewe nilipoipiga hiyo hesabu nilikaa kimya kidogo. Juu yake kuna hela ya vitabu na vifaa, kuna ya mafunzo kwa vitendo, na kuna ada ambayo inaenda chuoni moja kwa moja kwa asilimia watakayokupangia. Siku za likizo bumu hakuna, hilo lijue, na sio kila mtu anapata asilimia mia, wanapima uhitaji. Lakini ukiniambia "dada nikiacha kazi nitakula nini" nakujibu kwamba kwenye miezi ya masomo, ukipangiwa vizuri, unaweza kuwa na hela kwa siku kuliko unayopata sasa hivi na watoto 41. Hayo sio maneno ya kukufurahisha, ni hesabu, na inasikitisha pia kwa upande mwingine lakini tuiache.

Mkopo unalipwa, usije ukasahau. Una miezi 24 baada ya kumaliza kabla hujaanza kudaiwa, halafu ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani ukiwa na mshahara wa laki saba inaondoka 105,000 kila mwezi mpaka deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa inalifanya deni linenepe kila mwaka ilifutwa 2021, kwa hiyo ukikopa milioni saba unalipa karibu hiyohiyo milioni saba. Kwa mkopo hapa mjini sidhani kama utapata mwingine wa hivyo, hata vicoba hawakupi.

Ugumu upo kwenye muda na huu ndo nakuomba uuzungumze na mume wako usiku mmoja mtoto amelala. Dirisha la mkopo kwa kawaida linafunguliwa katikati ya mwaka, miaka ya karibuni limekuwa Juni mpaka mwisho wa Agosti hivi, udahili wa vyuo unaenda sambamba, majina ya waliopata mkopo yanaanza kutoka kuelekea Oktoba na vyuo vinafunguliwa hapohapo. Sasa sharti linakutaka usiwe na kazi wakati unaomba, sio wakati umepata. Ina maana utaacha mshahara kabla hujajua kama mkopo upo. Hapo ndo wengi wanarudi nyuma na siwalaumu.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kuanzia mwezi huu barafu na ubuyu virudi, kila shilingi ya barafu iende kwenye kibubu au laini ambayo mume haijui namba ya siri, msamehe tu, lengo miezi mitatu ya chakula. Muhula wa kwanza unaisha Juni, unaandika barua ya kuacha kazi mwishoni mwa Juni. Kisheria mtu anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, kwa hiyo mwisho wa Julai umetoka salama bila ugomvi na bosi hajabaki na darasa bila mwalimu ghafla. Agosti mwanzoni unaomba mkopo, unaandika huna ajira na ni kweli huna, na barua yako ya kuacha kazi ipo kwenye faili mtu akiuliza. Usisubiri wiki ya mwisho ya Agosti, mtandao unakuwa mzito na watu wanalia.

Na ukitoka hapo shuleni usitoke mikono mitupu. Dai cheti cha utumishi, sheria ya kazi inamtaka mwajiri akupe, kinaonyesha umeanza lini umeishia lini na ulikuwa unafanya kazi gani. Omba pia barua ya mwalimu mkuu inayosema ulikuwa na watoto wangapi na wa umri gani. Unakumbuka zile saa 2,800 za Chevening? Miaka yako saba imezipita mbali, lakini bila karatasi ni hadithi tu. Wenzio wengi wa shule za watu binafsi wanaondoka kwa hasira na pochi begani, miaka mitano baadae wanatafuta ushahidi wa uzoefu na shule ilishafungwa.

Turudi kwenye makaratasi ya sasa, na hapa ndo nakuona unaweza kukwama hata kama mengine yote yapo sawa. Kiapo cha mahakamani sio cheti cha kuzaliwa. Bodi wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, ule wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kwa hiyo unaanza sasa hivi, sio Julai, kutafuta usajili wa cheti, na kwa mtu mzima aliyechelewa utaombwa vithibitisho kama cheti cha shule ya msingi, kadi ya kliniki kama mama bado anayo, kitambulisho chako cha NIDA. Angalia majina! Kama kwenye cheti cha kidato cha nne umeandikwa jina la babu na kwenye NIDA ukaandika jina la mume, au herufi moja imepungua, rekebisha kabla hujaingia kwenye mfumo, kwa sababu namba ya mtihani ya kidato cha nne unayoombea mkopo inatakiwa iwe ileile uliyoombea chuo na majina yaongee lugha moja. Nimeona watu wenye sifa zote wakikwama kwa sababu ya "Mwanaidi" na "Mwanahidi".

Halafu cheti cha kifo cha baba. Najua ni kitu kizito kukirudia baada ya miaka yote hii na pengine mama hatapenda kukizungumza, lakini pole pole muombe, nenda naye, maana kwenye kupima uhitaji Bodi hawajui kwamba baba hayupo mpaka wakione cheti kilichohakikiwa. Bila hicho kwao wewe una wazazi wawili. Na mama kuwa TASAF, hilo usilifiche hata kidogo, wapo watu wanaona aibu kuandika, ile namba ya kaya ya TASAF inatambulika kama uthibitisho kwamba kaya ni masikini, iombe kwa mama, iandike vizuri, isipishane hata tarakimu moja. Mdhamini utamhitaji pia, mwenye NIDA na anayekubali kusaini, anza kumwandaa, mara nyingi watu wanaogopa wakisikia neno mdhamini wa mkopo. Ukishatuma fomu usiiache kama barua iliyotumwa, ingia kwenye akaunti yako mara kwa mara, kuna kipindi wanafungua kurekebisha makosa, muhuri haujaonekana, ukurasa haujasainiwa, wanakuandikia palepale na mtu hajaingia mwezi mzima. Na ukikosa au ukipata kidogo kunakuwa na dirisha la rufaa, ndo pale cheti cha kifo na namba ya TASAF vinaongea tena.

Sasa kama mkikaa na mume mkaona hapana, hatuwezi kukaa bila mshahara wako hata miezi mitatu, bodaboda ya mkataba siku ikigoma hakuna ugali, hilo nalo ni jibu halali na usijione umeshindwa. Basi baki kazini, angalia Chuo Kikuu Huria. Kipo kwa sheria tangu 1992 na kina kituo hapohapo Morogoro, unasoma huku unafundisha na ada unailipa kwa kozi unazojisajili, mwaka huu una hela ya kozi tatu unachukua tatu, mwakani barafu zikikubali unachukua tano. Itachukua miaka mingi zaidi. Angalia kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka huo ni programu zipi za elimu wanazo zinazokaribia unachotaka, nenda kituoni ukaulize uso kwa uso, usimwulize mtu wa kwenye grupu. Kwa njia hii nenda pia kwa mwenye shule, mwambie nataka kusoma, naomba shule inichangie nusu ya ada na mi nitasaini kubaki hapa miaka miwili baada ya kumaliza. Wengine watacheka, lakini wapo wamiliki ambao wamechoka kubadilisha walimu wa awali kila muhula, na mwalimu mwenye digrii ya elimu ya awali kwenye tangazo la shule yake ni hela. Ongea naye kama biashara, sio kama msaada. Ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri usiende kuombea ada, hiyo ni ya vikundi na ni ya kufanyia biashara, ila kama wauza barafu watano mkaungana mtaani kwenu hayo ni mazungumzo mengine.

Wenzio mliopo serikalini mnaosoma hapa, nyie mna ajira kwa hiyo mkopo wa Bodi msijisumbue, njia yenu ni ruhusa ya mwajiri. Malizeni kwanza miezi 12 ya majaribio mthibitishwe kazini, ombeni kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na msiondoke kwenda chuo bila barua mkononi, mwalimu anayeondoka bila ruhusa anarudi kukuta mshahara umesimama.

Mi nikiulizwa binafsi nakupendekezea uache kazi na uende Dar. Nasema hivyo kwa sababu una miaka 34 na sharti la umri lina mwisho, Chuo Huria hakina mwisho huo, ukikosa mkopo mwaka huu bado Huria ipo, shule za kufundisha zipo, ila dirisha la mkopo likishapita umri wako halirudi. Na kwa sababu ya yule mtoto asiyeongea. Ulivyomwona ukajua sio uzembe, wenzako hawakuona, hicho kitu hakifundishwi chuoni, chuoni wataongezea jina lake na namna ya kumsaidia. Lakini mwenye nyumba ni wewe na mumeo, na kuna mtoto wa miaka sita anayeanza darasa la kwanza, mtaamua abaki na baba au aende Kilosa kwa bibi, hilo siwezi kuliamua nikiwa huku.

Uamue lolote, cheti cha kuzaliwa unakihitaji kwenye njia zote. Kwa hiyo wiki hii, siku ambayo ungemtumia yule kaka laki mbili, chukua hiyohiyo Ijumaa, omba ruhusa ya masaa mawili, nenda ofisi ya mkuu wa wilaya kwenye dawati la vizazi na vifo uulize wanataka nini kwa mtu wa umri wako, halafu Jumamosi panda basi la Kilosa ukamwone mama. Akikuuliza unafuata nini mwambie unakwenda chuo kikuu, anza na hilo, ya cheti cha baba yaje baadae mkishakula.

Niandikie tena ukipata namba ya maombi ya RITA.